Kumpima Shahidi: Habari za Kuuawa kwa Livingstone, 1866

Mwalimu wa kituo na auchore ubaoni mstari mrefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwanzo wa mstari aandike Mikindani. Mwisho wake aandike Ziwa Nyasa. Katikati aandike Ruvuma. Huo ndio mwendo wa habari yetu ya leo.

Somo letu ni la historia, lakini ni historia yenye kesi ndani yake. Mtu alisemekana ameuawa. Shahidi alitokea, akaeleza silaha iliyotumika, pigo lilipoangukia na kaburi lilivyochimbwa. Wakubwa wa serikali walimsikiliza, wakaandika maneno yake, wakayapeleka Ulaya. Watu wengi wakalia. Kisha ikaonekana ya kwamba aliyeuawa alikuwa hai. Basi leo tutajiuliza: shahidi wa namna hiyo hupimwaje? Swali hili si la wakubwa peke yao. Kila mmoja wetu huenda akaitwa siku moja barazani au mahakamani, kwa ajili ya mpaka wa shamba, mikorosho, deni au damu ya mtu. Ushahidi mbaya unaweza kumfunga asiye na hatia.

Safari yenyewe

Mwaka 1866 mzungu mmoja, Daktari David Livingstone, Mskoti, alifika pwani yetu ya kusini kutoka Unguja. Mwezi wa Machi alishuka Mikindani. Alitaka kuingia bara, kuzunguka Ziwa Nyasa, na kutafuta mito na maziwa yaliyo mbele yake. Vilevile alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na njia aliyoishika ilikuwa na alama nyingi za biashara hiyo.

Ninyi mlio Nachingwea mnaijua nchi hiyo. Ukienda kusini ukaipita Masasi, mwisho utafika Mto Ruvuma. Livingstone aliufuata mto huo kutoka mashariki, na mwezi wa Mei alifika Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia katika Ruvuma. Kutoka hapo aliendelea katika nchi ya Wayao mpaka kwa Mataka, huko Mwembe. Tarehe 8 Agosti 1866 akaliona Ziwa Nyasa.

Hakuwa peke yake. Aliondoka pwani na watu zaidi ya 30. Walikuwamo askari wa Kihindi, vijana waliosomeshwa Nasik katika Bara Hindi baada ya kuokolewa utumwani, na Wayao wawili vijana, Chuma na Wikatani. Lishikeni jina la Chuma, maana tutamrudia. Tena walikuwamo watu kumi wa kisiwa cha Nzuwani, katika Visiwa vya Komoro. Waingereza wakati huo walikiita kisiwa hicho Johanna. Mkubwa wa watu hao kumi alikuwa Musa. Yeye hakuwa mgeni katika kazi za wazungu, kwa kuwa alipata kufanya kazi katika safari ya Livingstone ya Mto Zambezi iliyokwisha mwaka 1864.

Safari ilikuwa ngumu. Njaa ilikuwako, na vijiji vingi vilikuwa vimehamwa kwa sababu ya kukamatwa watumwa. Askari wa Kihindi walilegea, wakarudishwa pwani. Livingstone aliizunguka ncha ya kusini ya ziwa, akapita kwa Mponda, akafika kwa mkuu mmoja aliyeitwa Marenga, upande wa kusini magharibi.

Ushahidi wa Musa

Mwanzoni mwa Desemba 1866, Musa na wenzake tisa walitokea Unguja. Walikwenda kwa balozi wa Uingereza. Aliyekuwa akikaimu ubalozi alikuwa Daktari Seward, na pamoja naye alikuwako Daktari John Kirk. Huyu Kirk alikuwa rafiki wa Livingstone, tena alikuwa pamoja naye katika safari ya Zambezi. Habari waliyoileta ilikuwa nzito: Livingstone amekufa.

Musa alieleza hivi. Walipokwisha kuliacha Ziwa Nyasa nyuma yao, upande wa magharibi, walishambuliwa na Mazitu. Livingstone alipiga bunduki, akamwangusha mmoja. Alipokuwa akishindilia tena bunduki yake, adui mmoja alimjia kwa nyuma, akampiga shoka shingoni, naye akaanguka akafa papo hapo. Musa alisema alijificha, akayaona hayo. Wenzake, waliokuwa nyuma na mizigo, walikimbia. Mazitu walipoondoka, yeye na wenzake walirudi, wakaukuta mwili, wakachimba kaburi lisilo na kina, wakauzika. Baadaye wakaungana na msafara mpaka pwani.

Wasikilizaji, tusikimbilie kucheka na kusema, "Wakubwa hao walikuwa wajinga." Sisi tunaujua mwisho, wao hawakuujua. Wajiweke mahali pao wale waliokuwa Unguja. Mazitu ni jina walilopewa Wangoni na makundi mengine yaliyopigana kwa mtindo wao. Wazee wetu wa kusini waliwajua pia kwa majina ya Mafiti na Magwangwara. Vita vyao havikuwa hadithi. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi. Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1866 ya kwamba Mazitu wameua wasafiri karibu na Nyasa alisema jambo liwezalo kutokea. Tena majina ya mahali yalikuwa sawasawa, na njia aliyoieleza ndiyo aliyoifuata Livingstone.

Hapa pana fundisho la kwanza. Uwongo wenye nguvu haujengwi kwa uwongo mtupu. Hujengwa kwa kweli nyingi, kisha uwongo mmoja ukatiwa katikati kama sumu katika chakula kizuri. Mtu akithibitisha ya kwamba alikuwako safarini, hajathibitisha bado jambo lililotokea safarini. Mtu kutoka Ruponda akikueleza vema soko la Ruponda, maduka yake na njia zake, umejua ya kuwa amefika Ruponda. Hujajua kama kweli alimwona jirani yako akiiba mbuzi huko.

Kirk aliamini. Yeye na Seward walikwenda hata Kilwa, ambako misafara ya Nyasa ilikuwa ikitokea pwani, ili kutafuta habari zaidi. Lakini taarifa ilikuwa imekwisha andikwa, na mwezi wa Machi 1867 magazeti ya London yaliitangaza. Sisi husema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mwongo huyu ilitoka Nyasa ikafika Unguja, ikatoka Unguja ikafika Uingereza, na kila ilipopita ilipata watu wa heshima wa kuichukua mbele.

Jinsi ya kuupima ushahidi

Sasa tuupime ushahidi wa Musa sisi wenyewe. Mwalimu na aandike ubaoni maswali matano.

Swali la kwanza: ni nani aliyeona kwa macho yake?

Watu kumi walifika Unguja, na mtu akisikia kwamba watu kumi wamesema jambo moja huogopa kulikataa. Lakini aliyesema aliona pigo ni Musa. Wenzake walikuwa nyuma. Kwa hiyo juu ya mauaji yenyewe shahidi alikuwa mmoja tu. Tisa waliyarudia aliyowaambia mkubwa wao. Mkiona watu kumi wakisema neno moja, ulizeni kila mmoja, "Wewe uliona, au uliambiwa?" Mara nyingi mtakuta chanzo ni kimoja, na hao wengine ni mwangwi wake.

Swali la pili: shahidi ana faida gani, au ana hofu gani?

Watu wa Nzuwani walikuwa wameajiriwa kwa mshahara. Mtu aliyemtoroka bwana wake njiani hawezi kudai mshahara kwa uso mkavu, tena huogopa kushitakiwa. Lakini mtu ambaye bwana wake ameuawa ni maskini wa kuhurumiwa. Kama Livingstone yu hai, Musa ni mtoro. Kama amekufa, Musa ni mtumishi mwaminifu aliyemzika bwana wake. Hayo peke yake hayathibitishi ya kwamba alisema uwongo, maana hata mtu mwenye faida huweza kusema kweli. Ila mizani lazima iongezwe jiwe moja upande wa shaka.

Swali la tatu: pana kitu cha kushikika?

Watu hao hawakuleta kitu cha Livingstone kilichoweza kuthibitisha kifo chake. Livingstone alikuwa mtu wa kuandika kila siku, lakini hakuna daftari lililofika. Walisema walimzika, lakini hapana alama ya mwili iliyoletwa. Jambo hilo nalo lina jibu, kwa kuwa mtu anayekimbia vita hachukui mizigo. Lakini mahali pasipo na kitu cha kushikika, maneno hubaki maneno.

Swali la nne: shahidi ni mtu wa namna gani?

Katika Uingereza alikuwako baharia mmoja, Edward Young, aliyepata kufanya kazi katika safari ya Zambezi. Yeye alimjua Musa. Aliposikia ya kuwa habari yote imesimama juu ya neno la Musa, alikataa kuiamini, kwa kuwa alimjua kuwa mwongo na mtu asiyeaminika. Sir Roderick Murchison, mkuu wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, naye alikuwa na shaka.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Tabia ya mtu ni sababu ya kumchunguza zaidi. Si hukumu. Mwizi wa zamani huweza kweli kumwona mwizi mpya. Mwongo akisema nyumba inaungua, hatusemi, "Huyu ni mwongo," tukaendelea kulala. Huenda tukatazama kama moshi upo. Young alikuwa na haki ya kuona shaka, lakini kama angalikaa London na kusema tu, "Namjua Musa," asingalithibitisha kitu. Sifa yake ni kwamba alikwenda kutazama.

Swali la tano: mashahidi wengine wasiojuana na huyu wanasemaje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake halikuwako London wala Unguja. Lilikuwa Nyasa, vinywani mwa watu walioishi huko.

Young aenda kuuliza

Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa msaada, na katikati ya mwaka 1867 Young aliondoka Uingereza na wenzake wachache. Walichukua mashua ya chuma iliyoundwa kwa vipande. Jina lake maana yake ni "Utafutaji". Ilikuwa ya vipande kwa sababu Mto Shire, unaotoka Nyasa kwenda Zambezi, una maporomoko makubwa. Hapo mashua ilifunguliwa, wapagazi wakaichukua vipande vipande, kisha ikafungwa tena juu ya maporomoko. Mnamo Septemba walikuwa ndani ya ziwa.

Basi akaanza kuuliza. Alisikia katika vijiji vya kando ya ziwa ya kwamba mzungu alikuwa amepita. Watu walieleza umbo lake, mavazi yake na watu aliofuatana nao. Wengine walionyesha vitu vidogo vidogo vya Kiulaya walivyovipata kwake. Habari hizo zilifuatana kijiji baada ya kijiji, kwa njia ile ile ya kuelekea magharibi.

Mwisho Young alifika kwa Marenga. Huyo ndiye shahidi mkuu wa kesi yetu. Marenga alieleza kwamba mzungu alifika kwake, akakaa, kisha akaendelea na safari. Siku chache baadaye wale watu wa Nzuwani walirudi kijijini bila bwana wao. Hawakusema ameuawa. Walisema mapatano yao yalikuwa kufika hapo tu, na sasa wanakwenda kwao. Marenga akaongeza ya kwamba kama mzungu huyo angaliuawa, hata mbali mwendo wa mwezi mmoja, habari zingalimfikia.

Tuupime ushahidi wa Marenga kwa maswali yale yale. Je, aliona mwenyewe? Ndiyo, aliwaona watoro wakirudi, akawasikia kwa masikio yake. Je, alikuwa na faida? Mtu angeweza kusema, "Huenda aliogopa kulaumiwa kwa kifo cha mgeni, akakificha." Hiyo ni shaka ya haki. Lakini watu wa vijiji vingine, ambao hawakuwa chini yake, walisema maneno yanayolingana na yake. Je, palikuwa na kitu cha kushikika? Vilikuwako vile vitu walivyoachiwa watu njiani. Na neno lake kwamba habari zingalimfikia lina akili ndani yake. Ninyi mnajua jinsi habari zinavyotembea. Mgeni wa ajabu akifariki katika kijiji cha mbali, watu wa sokoni watajua kabla ya barua kufika.

Tena tazameni jambo moja. Kule Unguja Musa alisema Livingstone aliuawa. Kule kwa Marenga Musa na wenzake walisema mapatano yamekwisha. Mtu mmoja, jambo moja, maneno mawili. Musa hakutazamia ya kwamba siku moja mtu atatoka Unguja au Ulaya, aende mpaka kwa Marenga, akayaweke maneno hayo mawili sahani moja. Mwongo huhesabu umbali kuwa ngome yake.

Young alirudi Uingereza mapema mwaka 1868 bila kumwona Livingstone. Hakumwona, lakini alithibitisha ya kwamba alipita salama mahali aliposemwa kuuawa. Mwaka huo huo barua za Livingstone mwenyewe, alizoziandika Februari 1867 katika nchi ya Wabemba, zilifika pwani na kupelekwa kwao. Mtu aliyeuawa mwaka 1866 hawezi kuandika barua mwaka 1867. Kesi ikafungwa.

Upande wa Musa

Je, tumwache Musa hapo, tumwite mwongo, tuondoke? Historia haituruhusu. Hapana budi kumwuliza kwa nini alitenda vile.

Daftari la Livingstone lilifika Uingereza mwaka 1874, likapigwa chapa. Humo imo habari ya tarehe 26 Septemba 1866. Mwarabu mmoja mfanya biashara aliwaambia Musa na wenzake kwamba nchi ya mbele imejaa Mazitu, na watu wengi wa msafara wameuawa. Musa alikuja kwa bwana wake macho yamemtoka kwa hofu. Livingstone alimpeleka kwa Marenga ili amwulize, naye Marenga akasema njia wanayoifuata haina Mazitu. Musa hakutulia. Alisema anataka kuwaona wazazi wake na mtoto wake kwao Nzuwani, na hataki kufa. Walipoanza kwenda, watu wa Nzuwani wakaiweka mizigo chini, wakaondoka.

Basi hofu ya Musa ilikuwa ya kweli. Watu hao walikuwa mbali na kisiwa chao, katika nchi yenye njaa na vita, wakimfuata mtu asiyejua atarudi lini. Kuogopa si dhambi. Kosa lilikuja Unguja, walipoifunika aibu ya kutoroka kwa kifo cha mtu aliye hai. Na tukumbuke pia: Livingstone ndiye aliyekuwa na kalamu. Musa hakutuachia daftari. Tunaisoma hofu yake katika maandishi ya bwana aliyemkasirikia. Kwa hiyo hata daftari la Livingstone tulipime. Alikuwako, aliona, aliandika siku hizo hizo. Hayo ni uzito wake. Lakini alikuwa upande mmoja wa ugomvi.

Na madhara ya uwongo huo yangeweza kuwa makubwa kuliko hofu yenyewe. Mtu akihesabiwa amekufa, msaada wake husimama. Nani atampelekea dawa na nguo maiti? Tena damu ilikuwa imewekwa juu ya watu wa nchi fulani ambao hawakuimwaga. Tunajua katika historia ya dunia jinsi vijiji vilivyochomwa kwa sababu ya habari zisizochunguzwa.

Mashahidi walioleta mwili

Wengine baada ya kesi ya Musa wangeweza kusema, "Basi neno la mpagazi lisiaminiwe tena." Neno kama hilo ni ujinga, na mambo ya mwaka 1873 yanatuonyesha sababu.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alifariki kweli, kwa ugonjwa, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliokuwa naye ni pamoja na Susi, na yule Chuma niliyewaambia mlishike jina lake. Chuma alitoka naye Mikindani mwaka 1866, hakutoroka kwa Marenga, na sasa miaka saba ilikuwa imepita.

Susi, Chuma na wenzao walijua vema ya kwamba wakifika pwani na maneno matupu, wanaweza kutiwa shaka. Wakauzika moyo wake huko huko chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga katika nguo na magome ya mti, wakauchukua mabegani, kwa miezi, mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Walileta pia maandishi yake na vyombo vyake.

Mwili ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliupima. Uso haukuweza kutambulikana. Lakini Livingstone aliumwa na simba mkono wa kushoto mwaka 1844 huko kusini mwa Afrika, mfupa wake ukavunjika usiunge vizuri. Daktari aliutazama mfupa wa mkono wa kushoto, akaiona alama ile ile. Tarehe 18 Aprili 1874 mwili ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Linganisheni kesi hizi mbili. Mwaka 1866, shahidi mmoja wa macho, maneno mengi, mikono mitupu, na faida ya kujificha. Mwaka 1874, mashahidi wengi waliokuwako, mzigo mabegani, maandishi, na mfupa wenye alama. Katika kesi zote mbili mashahidi walikuwa watumishi wa safari. Tofauti haikuwa katika rangi wala cheo chao. Ilikuwa katika ushahidi wenyewe. Naye Chuma baadaye aliajiriwa kuongoza misafara ya wamisionari wa UMCA kutoka Lindi kuingia bara, mwendo wa Masasi. Huenda miguu yake ilikanyaga njia ambazo babu zenu walizitumia.

Faida kwetu

Ninyi mnaojifunza kusoma mnaweza kudhani ya kwamba neno lililoandikwa ni kweli daima. Sivyo. Taarifa ya kuuawa kwa Livingstone iliandikwa na watu wenye elimu, ikatiwa katika bahasha ya serikali, ikapigwa chapa magazetini. Yote hayo hayakuufanya uwongo kuwa kweli. Na neno la mdomo la Marenga, ambalo halikuwa na muhuri wowote, lilikuwa kweli. Karatasi hulihifadhi neno kama lilivyoingia: likiingia bovu, litatoka bovu.

Kwa hiyo elimu yenu iwe na kazi mbili. Kwanza, mnaposoma, ulizeni maswali yale matano. Pili, mnapoandika habari za wazee wenu, ziandikeni kwa haki. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam walizunguka kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905, na maneno ya wazee hao yakawa mali ya historia yetu. Ninyi pia mnaweza kufanya hivyo nyumbani. Mzee akisimulia, mwambie kwa adabu, "Shikamoo babu. Hili uliliona mwenyewe, au uliambiwa na nani?" Hatakasirika, maana mzee mwenye hekima anajua tofauti ya macho na masikio. Andika jina la mahali. Andika jina la aliyesimulia. Kama wazee wawili hawapatani, andika maneno ya wote wawili, usimchagulie mmoja.

Na ukiitwa barazani kutoa ushahidi, sema uliloliona, kisha nyamaza. Ukiulizwa usilolijua, sema, "Sijui." Neno hilo dogo halimwaibishi mtu.

Maneno ya kujifunza

Shahidi: mtu aliyeona au kusikia jambo, akalieleza.
Ushahidi: maneno au vitu vinavyoonyesha kama jambo ni kweli.
Balozi: mtu anayesimama mahali pa serikali yake katika nchi nyingine.
Mpagazi: mchukua mizigo wa safari.
Mtoro: mtu aliyekimbia kazi au bwana wake.

Maswali ya mazungumzo

1. Watu kumi walifika Unguja na Musa akiwa mmoja wao. Kwa nini tunasema shahidi wa mauaji alikuwa mmoja tu?
2. Young alimjua Musa kuwa mwongo. Je, hiyo ilitosha? Toeni sababu.
3. Marenga alikuwa na sababu gani ya kuaminiwa? Je, mnaweza kutaja shaka yoyote juu yake?
4. Kwa nini Susi na Chuma waliuchukua mwili mpaka pwani badala ya kuuzika wote huko Chitambo? Toeni mawazo yenu.
5. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya jambo aliloliona wiki hii kwa macho yake, na sentensi moja juu ya jambo aliloambiwa. Asomee mwenzake, na mwenzake amwulize maswali.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu. Mwalimu wa kituo ataendelea na mazungumzo.